Muulize Daktari wa Meno: "Kila mtu anasema yamependeza, isipokuwa mimi"

Barua za safari hii karibu zote zimeegemea upande mmoja: meno ya mbele. Wanaoandika hawalalamiki maumivu wala jino lililotoboka. Wanauliza jinsi meno yanavyoonekana mtu akicheka. Nimechagua chache na kuzifupisha. Walioniandikia kurasa tatu wanisamehe. Nimezisoma zote, ila mhariri wangu ana mkasi.

Daktari, hujambo? Miezi michache iliyopita nilizibwa meno mawili ya mbele ya juu yaliyokuwa yamemeguka pembeni. Daktari alifanya kazi taratibu, hakuniumiza. Alipomaliza akanipa kioo, nikasema asante, nikaondoka. Nilipojitazama nyumbani sikuyapenda. Nikamrudia, akayapima, akaniambia kazi haina kasoro. Mume wangu anasema yamependeza, dada zangu nao vilevile. Lakini siku hizi nikicheka nafunika mdomo kwa mkono, na hata yalipokuwa yamemeguka sikuwa nafanya hivyo. Je, mimi ni msumbufu tu?
Anayefunika mdomo

JIBU: Sijambo, dada yangu. Wewe si msumbufu, na huenda daktari wako naye hakukosea. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, ndiyo maana nimeanza na barua yako.

Sisi madaktari wa meno tumefundishwa kupima. Jino la kati la juu la mtu mzima lina upana wa takriban milimita 8.5 na urefu wa milimita 10 hadi 11. Tunaangalia kama mstari wa katikati ya meno umelingana na katikati ya uso, kama ncha zinafuata mkunjo wa mdomo wa chini, kama ufizi wa kushoto na wa kulia umesimama usawa mmoja. Vipimo vikikaa sawa, tunaandika kwenye faili kwamba kazi ni nzuri. Kasoro ni kwamba macho yetu yameharibiwa na kazi yetu. Mwaka 1999 Vincent Kokich na wenzake walichapisha utafiti ambao mpaka leo tunaurejea. Walichukua picha za tabasamu, wakazibadilisha kidogo kidogo kwa makusudi, kisha wakawapa madaktari wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio na taaluma hiyo wazipe alama. Mstari wa katikati uliposogezwa pembeni milimita 4 nzima, wapangaji meno waliona. Madaktari wa kawaida na watu wengine hawakuona kitu. Lakini meno yalipoinamishwa upande kwa milimita 2 tu, makundi yote matatu yalishtuka.

Kwa hiyo jambo linaloniudhi mimi si lazima likuudhi wewe, na linalokuudhi wewe laweza lisiwepo kabisa kwenye orodha yangu ya vipimo. (Kwa wale waliokwisha kimbilia kioo kutazama mstari wao wa katikati: kwa watu watatu kati ya wanne, mstari wa meno ya juu haulingani na wa meno ya chini. Rudini mkae.)

Wataalamu wameshakubali kwamba rula peke yake haitoshi. Mwaka 1994 Gary Slade na John Spencer walitoa dodoso la maswali 49 kuhusu jinsi hali ya kinywa inavyogusa maisha ya mtu, na mwaka 1997 likafupishwa kuwa maswali 14. Limetumika katika nchi nyingi. Halina swali hata moja la milimita. Linauliza kama umejisikia vibaya mbele za watu kwa sababu ya meno yako, kama umeshindwa kutulia, kama shughuli zako za kawaida zimevurugika. Wewe umenijibu kabla sijakuuliza. Mkono wako unakwenda mdomoni sasa, na zamani haukwenda. Kwangu huo ni ushahidi kamili, uandikwe kwenye faili pamoja na vile vipimo.

Sasa tutafute kinachokukera. Sijakuona, lakini kwa meno ya mbele yaliyozibwa kwa kijazio cheupe, nina washukiwa wawili wa kwanza.

Wa kwanza ni rangi iliyochaguliwa jino likiwa kavu. Jino lina maji ndani ya tabaka lake la nje, yaani enameli. Ukikaa kinywa wazi, pamba pande zote mbili na kile kibomba kinanyonya mate, haupiti muda mrefu enameli inapoteza maji na jino linakuwa jeupe kuliko lilivyo, lile jeupe la chaki. Daktari akilinganisha rangi wakati huo, atachagua kijazio cheupe mno. Unatoka pale vimelingana vizuri, halafu jino lako linakunywa mate yake, linarudi kwenye rangi yake ya kila siku, na kijazio kinabaki peke yake pale pale. Mimi huchagua rangi kabla ya jambo lolote, kabla hata ya ganzi, jino likiwa limelowa. Nauzima ule mwanga mkali wa juu ya kiti, namsogeza mgonjwa dirishani, naweka tone la kijazio juu ya jino bila gundi, naligandisha kwa taa, kisha sote wawili tunaangalia. Mgonjwa akisema hapana, nalibandua kwa ukucha na kujaribu jingine. Dirisha lina maana yake: rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kutengana ukitoka nje kwenye jua.

Mshukiwa wa pili ni mwanga unaopenya. Tazama ncha ya jino la mbele la mtu ambaye meno yake hayajalika: pale chini kabisa kuna ukanda mwembamba wa kijivu kinachoelekea bluu, mwanga unapita. Katikati ya jino ni pazito na pana manjano kidogo, kwa sababu dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli, ina rangi hiyo. Anayejenga pembe iliyomeguka kwa kijazio cha aina moja tangu juu hadi nchani hupata jino lenye umbo sahihi, kipimo sahihi, lakini limezimika. Wagonjwa wengi huiona hali hiyo na hukosa neno la kuieleza. Husema tu, "Sijui, halijakaa kama langu." Naomba tuwasikilize, kwa sababu wanachokiona kipo.

Halafu kuna kile kioo ulichopewa. Ulipewa ukiwa bado kwenye kiti, mdomo una ganzi. Mdomo wa juu wenye ganzi huning'inia, upande mmoja hauinuki, na tabasamu unaloliona si lako. Isitoshe, ni nani atakayemwambia "sijaridhika" mtu aliyesimama na sindano mkononi? Swali la kuridhika huulizwa baada ya wiki moja au mbili, mgonjwa akiwa amevaa nguo zake za kawaida na ameshakula, ameshazungumza, ameshacheka nayo.

Rudi kwa daktari yuleyule. Kabla hujarudi, simama dirishani mchana na kioo cha ukubwa wa kawaida, ukinyoosha mkono, usikibandike usoni. Andika unachokiona kwa maneno yako: "pembe hii ni nyeupe zaidi," "hili linaonekana pana," "hapa panang'aa kama plastiki." Mwambie mtu akupige picha akiwa amesimama mbali kidogo, kwa sababu kamera ikiwa karibu hukuza kilicho katikati ya uso, na meno mawili ya mbele ndiyo yapo hapo. Usishangae picha ikikuonyesha mtu usiyemzoea. Mwaka 1977 Theodore Mita na wenzake walionyesha kwamba watu hupendelea sura yao kama inavyoonekana kwenye kioo, lakini marafiki zao hupendelea picha halisi. Kila mmoja alipenda upande aliouzoea.

Habari njema ni kwamba kijazio cha namna hii hurekebishika. Kinaweza kupunguzwa, kung'arishwa upya au kuongezwa tabaka juu, mara nyingi bila ganzi na bila kuligusa jino lenyewe. Na hao dada zako waendelee kukusifu, lakini usiwaite kuwa mashahidi.

Shikamoo Daktari. Nina miaka 20. Nilipokuwa mdogo nilianguka nikagonga jino moja la mbele. Haliumi, ila limegeuka kijivu na kila mwaka linazidi. Nilitumia dawa ya kung'arisha, meno mengine yakawa meupe na hili likazidi kuonekana. Nataka kuling'oa niwekewe la bandia.
Mwenye jino la kijivu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiling'oe.

Siku ile ulipoanguka, inaelekea kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kilikufa. Mabaki ya damu hupenya kwenye vijitundu vya dentini na kuipa rangi ile unayoiona. Rangi iko ndani, ndiyo maana dawa uliyopaka nje iliwasaidia majirani ikakuacha wewe. Na ukimya wa jino usikudanganye. Jino lililokufa linaweza kukaa miaka bila kuuma huku kuna uambukizo kwenye ncha ya mzizi, mfupa unaliwa polepole. Kwa hiyo cha kwanza ni eksirei na kulipima kama bado lina uhai. Wapo ambao jino lao baada ya kugongwa huwa la manjano badala ya kijivu. Hilo mara nyingi bado liko hai, limeziba tu njia yake ya ndani, na hushughulikiwa kwa namna nyingine.

Likiwa limekufa, linasafishwa na kuzibwa mzizi. Hapo ndipo faida inapokuja: mlango umeshafunguliwa kwa nyuma, upande wa ulimi, basi dawa ya kung'arisha inawekwa ndani ya jino lenyewe, juu ya kizibo kinachoulinda mzizi, linafungwa kwa muda, unakwenda nyumbani. Baada ya siku kadhaa unarudi, dawa inabadilishwa. Inarudiwa mpaka rangi ilingane na jirani zake. Baadhi ya meno hufifia tena baada ya miaka, na kazi yaweza kurudiwa.

Ukiling'oa, mfupa uliokuwa umelishika utaanza kusinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa hutokea mwaka wa kwanza. Ufizi hufuata mfupa. Utapata jino jeupe kweli, lenye kivuli juu yake palipokuwa na ufizi, na kivuli hicho ni kigumu kukiondoa kuliko hiyo rangi ya kijivu.

Habari Daktari. Nina miaka 24, kazi yangu ni ya kukutana na watu na kamera. Meno yangu ni mazima, yamepangana vizuri, ila si meupe kama ya watu maarufu. Nilitaka vinia, vile vifuniko vyembamba vya kubandika mbele ya meno, kumi za juu, rangi nyeupe kuliko zote. Daktari niliyemwendea alikataa, akataka kuyang'arisha kwanza. Nitafute mwingine?
Kijana wa kamera

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Huyo aliyekukatalia mshike, usimwachie.

Vinia zilianza na watu wa kamera kama wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari wa meno wa California, Charles Pincus, aliwatengenezea waigizaji wa filamu vifuniko vyembamba vya kubandika mbele ya meno wakati wa kupiga picha. Wakimaliza kazi, wanavua, wanarudi kwenye meno yao. Havikuwa vinashika kwa sababu gundi ya maana haikuwepo. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kidogo hupata ukwaruzo unaoshika plastiki sawasawa, na kutoka hapo kazi ikabadilika kabisa. Leo vinia hubandikwa zikashika kwelikweli. Lakini kwa kawaida, ili zisijitokeze nje, daktari huchonga jino kwanza, mara nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.7. Karibu na ufizi enameli yenyewe yaweza isifike nusu milimita. Na enameli haioti tena. Waigizaji wa Pincus waliweza kughairi jioni ileile. Wewe hutaweza.

Sisemi vinia ni mbaya. Nimezibandika kwa watu waliozihitaji, wenye meno yaliyolika, yaliyozaliwa madogo, yenye madoa yasiyotoka, na walitoka wakiwa wamefurahi. Zilizofanywa vizuri hudumu miaka mingi. Ila hazidumu maisha, na wewe una miaka 24. Utazibadilisha zaidi ya mara moja, na kila mara kitu fulani cha jino huenda nazo.

Halafu hiyo "nyeupe kuliko zote." Kibao cha rangi kinachotumiwa sana na madaktari wa meno kina rangi 16 katika familia nne: A ina wekundu na kahawia, B wekundu na manjano, C kijivu, D wekundu na kijivu. Zote zimetokana na meno ya watu. Unachokiona kwa watu maarufu mara nyingi kiko nje ya kibao hicho. Tena meno ya asili hayana rangi moja. Chonge huwa nzito kuliko meno ya kati, mtu yeyote anaweza kuhakikisha hapo alipo. Ukibandika kumi zote rangi moja, unapata kitu kama ukuta uliopakwa chokaa. Kwenye picha ndogo ya simu kinapendeza. Mtu akikaa mbele yako mezani, anazungumza na meno yako.

Kung'arisha alikokuambia daktari wako ni jambo la kawaida sana na lina historia ndefu. Njia ya kuvaa kisahani laini kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno yako usiku, chenye jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, ilichapishwa na Van Haywood na Harald Heymann mwaka 1989. Jeli hiyo hutoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5. Hufanya kazi polepole, kwa wiki kadhaa. Meno mengi husisimka kwa baridi kipindi hicho, kisha hutulia. Usinunue tu chochote chenye nguvu kubwa zaidi ukajipaka. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2012, bidhaa zenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, na hazitumiki kwa walio chini ya miaka 18. Kumbuka pia kwamba jeli haibadilishi rangi ya kijazio wala kofia ya jino. Kama una kijazio mbele, kitabaki kilivyo, na kukibadilisha kunasubiri kama wiki mbili baada ya kumaliza kung'arisha, maana gundi haishiki vizuri jino likiwa bado na oksijeni ya dawa.

Ukishang'arisha na bado moyo uko kwenye vinia, omba majaribio. Daktari anaweza kuyajenga meno unayoyataka kwa plastiki ya muda juu ya meno yako bila kuchonga chochote. Toka nayo. Soma kwa sauti mbele ya kioo sentensi yenye *f* na *v* nyingi, "fanya vivyo hivyo" inatosha, uone kama ncha za meno ya juu zinagusa mdomo wa chini kwa wepesi au zinauchimba. Piga hizo picha zako. Wengine hurudi wakasema "punguza urefu," na wengine hurudi wakasema "toa, nataka yangu." Nimeona wote, na wote walikuwa na haki, maana hakuna kilichokuwa kimechongwa bado.

Neno moja zaidi, nalisema kwa heshima. Kama unatumia sehemu kubwa ya siku ukiyatazama meno ambayo wengine hawaoni shida yake, na kila ukirekebisha moja macho yanahamia lingine, hiyo ni hali inayojulikana katika tiba na ina wataalamu wake, wa afya ya akili. Kifaa changu cha kuchonga hakifiki huko.

Daktari, binti yangu ana miaka 8. Meno yake mapya mawili ya mbele ni makubwa, ya manjano, yameachana katikati na yametazama nje. Shuleni wanamtania. Nimfungishe waya?
Mama Binti

JIBU: Mama, bado. Katika umri huo meno ya kati huachana na kutawanyika kwa sababu chonge ziko juu huko kwenye mfupa, zinashuka na kuibana mizizi ya jirani zake. Zikitoka, kwenye miaka 11 au 12, mara nyingi mwanya hujifunga wenyewe. Ukubwa ni wa macho tu: meno ni ya mtu mzima, uso bado ni wa mtoto. Na manjano ni kwa sababu yamesimama karibu na meno ya utotoni ambayo ni meupe zaidi, na dentini ya meno ya ukubwani ni nene.

Mpeleke akaonekane ikiwa mwanya unazidi milimita 2 kwa wazi, au jino moja la kati limetoka na mwenzake amekawia zaidi ya miezi sita, kwani yawezekana kuna jino la ziada limeziba njia. Kama yametokeza nje sana, daktari wa kupanga meno ayaone mapema, kwa sababu meno yaliyotokeza huvunjika kirahisi mtoto akianguka. Huko shuleni zungumza na mwalimu. Hilo halisubiri chonge.

Daktari, meno yangu yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Nasugua asubuhi na jioni, hata kwa unga wa mkaa. Watu wanadhani sipigi mswaki. Kuna dawa?
Aliyechoka kueleza

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Anza kwa kuacha huo mkaa leo. Unakwangua enameli na doa liko palepale, kwa sababu limo ndani ya jino tangu lilipokuwa linaumbwa.

Unavyoeleza, inaelekea ni floraidi, madini yanayopatikana kwenye maji, iliyozidi. Daktari kijana Frederick McKay alipofika Colorado Springs mwaka 1901 alikuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia na hakuna kitabu kilichoeleza sababu. Alihangaika na swali hilo kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji na kukuta floraidi nyingi. Inayodhuru rangi ni ile inayoingia mwilini wakati meno yanaumbwa ndani ya taya, kwa meno ya mbele ni miaka ya mwanzo ya utoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kama una watoto wadogo, hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu kwako meno yalikwisha kuumbwa zamani. Unaweza kuwaambia watu hivyo, au usiwaambie kitu.

Tiba hupanda ngazi kwa ngazi. Kung'arisha kwa jeli hupunguza tofauti kati ya doa na jino. Siku za mwanzo madoa meupe huweza kuonekana zaidi, usikate tamaa. Kisha kuna kusugua juu juu kwa asidi hafifu na unga laini, kazi ya daktari, inayoondoa tabaka jembamba sana la enameli. Madoa meupe yanaweza kujazwa utomvu mwepesi unaopenya ndani. Mashimo hujazwa kijazio. Vinia ni za mwisho, kwa meno yaliyoathirika sana.

Kabla ya kuanza, mwombe daktari apige picha, kisha mkubaliane mnakwenda wapi. Ukiniuliza mimi, lengo zuri ni mtu aliyekaa mbele yako asiyatambue madoa. Ukitaka usiyaone hata wewe, kioo kikiwa usoni, kazi itakuwa kubwa na uchongaji utakuwa mwingi. Wapo wanaochagua hivyo wakijua. Ni haki yao, bora wawe wameambiwa.

Daktari binti yangu, nilitengenezewa meno ya bandia ya juu. Wanangu walinichagulia meupe sana. Nikizungumza hayaonekani, nikicheka yanatoka yote kwa mpigo na wajukuu wanaangua kicheko. Nayavaa kwenye shughuli tu. Nifanyeje?
Babu

JIBU: Shikamoo, baba. Nimecheka kidogo, niwie radhi, jinsi ulivyoandika.

Kutoonekana unapozungumza kuna sehemu ambayo ni kawaida. Robert Vig na Gerald Brundo walipima jambo hili mwaka 1978, midomo ikiwa imetulia: vijana huonyesha zaidi ya milimita 3 za meno ya juu, na waliovuka miaka 60 karibu hawaonyeshi kitu, ila ya chini ndiyo yanaonekana. Mdomo hushuka na umri. Fundi akikuwekea meno ya kujitokeza kama ya kijana wa miaka 20, utaonekana umeazima. Lakini ikiwa hata ukitamka *f* ncha haziufikii mdomo wa chini, yamepangwa mafupi au yamekaa nyuma mno, na hapo una haki ya kurudi.

Rangi ya seti iliyokwisha kamilika haibadiliki kwa dawa. Fundi anaweza kutoa meno ya mbele na kuweka mengine kwenye ufizi uleule wa bandia, au mtaanza seti mpya. Kama uling'olewa karibuni, ngoja kidogo, maana mfupa bado unasinyaa na meno yatalegea, itabidi yatiwe tabaka jipya kwa ndani hata hivyo. Safari hii usikubali kupita hatua ya nta. Kabla ya kukamilishwa, meno hupangwa kwenye nta na huvaliwa kwa majaribio. Bado yanasogezwa kwa kidole. Yavae, zungumza, cheka, hesabu kwa sauti kuanzia sitini hadi sabini. Omba rangi nzito zaidi ya ile wanao waliyoichagua, chonge zizidi kidogo, na jino moja lipishane na mwenzake kwa nywele tu. Meno yaliyonyooka yote sawasawa ndiyo yanayowachekesha wajukuu.

Nenda peke yako, au na mama. Na chukua picha yako ya zamani ukiwa unacheka, fundi aione. Ile ya kitambulisho haitasaidia, mdomo umefungwa.